Makapi ya Kaseti

Mama yangu kule Busia alinikatia simu mara mbili nilipojaribu kumweleza ninasomea nini. Mara ya tatu alinisikiliza mpaka mwisho, akashusha pumzi, akasema, "Yaani umeacha kazi ya ualimu ili ukawawekee watu vitu vyao kwenye kompyuta. Wao wenyewe hawana kabati?" Shahada ya uzamili ya insia za kidijitali! Ukiitaja mbele ya watu wa Kampala wanatikisa kichwa kwa heshima, kisha wanakuuliza kama unaweza kuwatengenezea printa.

Kazi yenyewe si ya ajabu. Unachukua kitu ambacho watu wameishi nacho, picha, wimbo, hotuba ya arusi, unakiingiza kwenye kompyuta kabla hakijaoza, unaandika ni cha nani na kilitoka wapi, halafu unakiuliza maswali ambayo zamani yangemzeesha msomi kabla hajayajibu. Inataka subira na masikio. Masikio ninayo. Subira ndiyo sina, na shahidi wangu ni Byron Ondiek.

Byron ni Mkenya aliyekulia Kansanga, mama yake anauza rangi na misumari kando ya barabara ya Ggaba. Ana akili za kutisha na hajui kukasirika, na hilo la pili ndilo linaloniudhi. Chuoni tulipangwa pamoja kwenye mradi mmoja, yeye wa mashine na mimi wa maneno, chini ya mwalimu wetu, Dokta Vera Nakhisa. Mradi ulikuwa wa kaseti za salamu.

Miaka ya tisini, vita vilipokuwa vikiendelea kaskazini, askari na jamaa zao hawakuandikiana barua sana. Simu zilikuwa za wakubwa, na si kila mtu alipenda barua yake isomwe na jirani anayejua kusoma. Walitumiana kaseti. Mtu alikaa mbele ya redio, akabonyeza vitufe viwili kwa mpigo, akazungumza mpaka akaishiwa, kisha kaseti ikapewa dereva wa lori la jeshi akashuka nayo Kampala. Aliyeipokea aliisikiliza, akairudia, akacheka au akalia, halafu akarekodi majibu yake juu ya maneno yale yale na kuirudisha. Kaseti moja ilikwenda na kurudi hivyo mpaka utepe ukachoka. Kila jibu lilifuta salamu iliyolitangulia, na hakuna aliyeona ubaya, maana salamu ikishajibiwa imefanya kazi yake.

Kwa hiyo kaseti zilizobaki mpaka leo zikiwa na salamu ndani yake ni zile ambazo hazikujibiwa. Tulikuja kulitambua hilo tukiwa tumeshakusanya nyingi. Tangu hapo sikuweza tena kuitupatupa kaseti ya mtu kwenye mkoba wangu.

Ya Adoch niliipata Kyebando. Adoch ni mjane, aliyekuwa sajini wa polisi mpaka goti likamstaafisha kabla ya wakati wake. Nilikwenda peke yangu, na alinikagua mlangoni kama gari kwenye kizuizi cha barabarani.

"Wewe ni mtu ya wapi?"

"Busia, Mama."

"Busia ya huku ama ya Kenya?"

"Ya huku."

"Kale. Ingia ukae."

Kaseti ilikuwa imefungwa kwenye kitambaa cha mezani. Hakunipa mara moja. Aliishika mapajani na kunieleza, kwa Kiswahili cha kambini, cha askari, kile ambacho watu wa Kampala hukisikia na kukumbuka kwamba hawajabeba kitambulisho.

"Hii nilitumiwa mwaka ya tisini na saba. Mimi nilikuwa hapa Kampala kwa mafunzo ya polisi. Bwana yangu, Koplo Okullo, alibaki Gulu kwa kambi na mtoto yetu. Aloyo. Alikuwa na miaka nne."

Kabla hajaondoka kwenda mafunzoni, alisema, Okullo alimfundisha gwaride nyuma ya nyumba kila jioni, ili makuruta wa mjini wasije wakamcheka. "Alikuwa anasimama pale na tumbo mbele kama jenerali, anapiga kelele, 'Kuruta Adoch!' Nikisimama wima silegei mpaka aseme mguu pande. Majirani wote wanatoka kutazama. Mimi naona haya. Aloyo anacheka mpaka anaanguka chini." Alitabasamu, na uso wake ukawa wa msichana.

Kisha tabasamu likaondoka. "Ndani ya kaseti ni bwana yangu anaongea. Lakini mtoto yuko nyuma yake. Huwezi kusikia vizuri, Okullo alikuwa na sauti kubwa na redio ilikuwa mbovu. Lakini yuko. Analia. Kutoka mwanzo mpaka mwisho analia. Bwana yangu anasema, Adoch usiwe na wasiwasi, mtoto hajambo, anakula, anacheza. Na mimi nasikia yeye analia. Sasa nani naamini?"

"Nilikuwa natafuta maneno ya kumjibu. Kabla nipate, habari ikakuja. Surua. Barabara ya Gulu ilikuwa imefungwa. Walimzika bila mimi." Okullo naye aliuawa vitani miaka michache baadaye, lakini hilo alilisema harakaharaka, kama mtu anayevuka barabara. "Kila nikiweka hii kaseti, najua nilimwacha mtoto akiwa analia. Lakini hiyo tu ndiyo sauti yake iko. Picha hakuna. Kwa hiyo naiweka."

Akanikabidhi. Mkono wake ulichelewa kidogo kuachia.

"Nabwire, sikia. Huyo bwana yangu mkimuharibu kidogo, si kitu, alikuwa anaongea sana. Huyo mtoto, hapana."

Nilimwapia. Na jioni ile ile nilimwambia Byron, neno kwa neno: mtoto yumo nyuma ya baba yake, na mwenyewe anamtaka huyo mtoto kuliko kitu kingine. Byron alikuwa na vipokea sauti shingoni na macho kwenye kioo cha kompyuta. "Sawa," akasema. Mtu akikwambia sawa bila kukutazama, usifurahi.

Kaseti ilipigwa mara moja ikaingia kwenye kompyuta vizuri. Tulipokuwa tukiirudisha nyuma, ikakatika. Haikukatika tu, ilijisokota ndani ya mashine mpaka ikatoka vipande. Nilimpigia Adoch simu nikamweleza. Akauliza, "Lakini sauti mnayo?"

"Tunayo, Mama."

"Kale basi."

Sasa nieleze kazi ya Byron, maana bila hiyo utamwona mjinga, naye si mjinga. Kaseti za zamani zina mvumo, zina mkwaruzo, zina mvua juu ya mabati na jenereta ya jirani. Tasnifu yake ilikuwa juu ya kuifundisha kompyuta kuzisafisha. Aliifundisha kuikamata sauti ya mtu aliyekaa karibu na redio, kuibakisha hiyo, na kuondoa kila kitu kingine. Na alifanya yote hayo bila kusikiliza. Kwenye kioo chake sauti ni picha: mahali pa sauti kubwa pana njano, pa sauti ndogo pana buluu, na Byron anaisoma picha ile kama wengine wanavyosoma gazeti. Anaweza kuitoa jenereta kwenye mazungumzo ya saa nzima na asijue waliozungumza walikuwa wanagombana au wanaposana. Kwenye fani yetu huo ni ufundi, na wageni walipokuja idarani walimpigia makofi. Hata mimi nilipiga.

Zamu yangu ilikuwa kuandika maneno. Alasiri moja, chumbani kwangu hosteli ya Wandegeya, nilivaa vipokea sauti nikafungua faili la Okullo lililosafishwa. "Adoch, ni mimi, Okullo. Nakusalimia sana." Alikuwa wazi kabisa, kama amekaa kitandani kwangu. Alisema mahindi yameota. Alisema wamebadilishiwa mkubwa wa kambi, na huyu mpya anakoroma. Nilicheka peke yangu. "Usiwe na wasiwasi, mtoto hajambo. Anakula. Anacheza."

Hapo ndipo niliposikia kile ambacho sikukisikia. Nyuma yake palikuwa peupe, kama uwanja uliofagiliwa. Nilirudisha nyuma, nikaongeza sauti, nikaziba masikio kwa viganja juu ya vipokea sauti. Hapakuwa na mtoto.

Byron nilimkuta anakula kikomando kwa muuzaji anayemkopesha chakula, chapati zilizokatwakatwa na maharage juu yake, ana furaha zake.

"Byron, mtoto yuko wapi?"

"Mtoto gani?"

"Wa Adoch! Mtoto niliyekwambia!"

Aliacha kutafuna. Nilimwona akitafuta kichwani mwake, na nilimwona akipata. "Haikuwa na njano," akasema polepole. "Nyuma palikuwa na buluu tu, inapanda na kushuka. Mashine ilidhani ni... Hata mimi nilidhani ni mvumo."

"Basi faili la asili liko wapi?"

Aliinama kwenye sahani yake.

"Byron, la asili."

"Kompyuta ilikuwa imejaa. Nikabakisha lile zuri."

Banange! Somo la kwanza kabisa la fani yetu, kabla hujafundishwa hata kuwasha mashine, ni kwamba cha asili hakifutwi. Dokta Nakhisa amelisema mpaka tunaliota. "Zuri kwa nani?" nilimuuliza, na sauti yangu ikawageuza watu wa meza zote. Nikamwita majina ambayo sitayaandika hapa kwa sababu mama yake ni mtu mwema na huenda akasoma. Nilimwambia huyu mama alitupa kitu kimoja alichobaki nacho duniani na sisi tumekifuta ili kompyuta ipate nafasi. Kwa kawaida Byron hungoja nimalize, kisha anacheka. Safari hii aliisukuma sahani, na hakucheka. Ndipo nilipoogopa kweli.

"Makapi," akasema.

"Nini?"

"Ngoja. Makapi." Alikuwa ameshafungua kompyuta juu ya meza yenye mafuta. "Watahini wangeniuliza nitawathibitishiaje kwamba nilitoa uchafu tu, na si maneno ya mtu. Kwa hiyo kila kaseti, kile ambacho mashine ilikitoa, niliiambia ikiweke pembeni. Yote yako hapa." Folda ilikuwa imeandikwa MAKAPI, na ndani yake, kati ya mengine, jina la Adoch. "Ukichukua kilichobaki na kilichotolewa ukavijumlisha, unapata kile kile cha mwanzo. Hakipungui hata kidogo."

"Umewahi kuyasikiliza?"

"Makapi? Nayatazama tu, nihakikishe hakuna njano."

Nilikaa chini. Byron akasema tunaweza kuvijumlisha pale pale, tumpelekee Adoch kaseti yake kamili, na wala asijue kulikuwa na shida. Wazo lilinivutia, nasema kweli. Lakini nilikumbuka ule mkono uliochelewa kuachia, nikamwambia hapana. Tutakwenda Kyebando, na wewe ndiye utakayesema.

Alisema. Tulikwenda kesho yake mchana, na kabla hajapewa hata maji alikaa ukingoni mwa kiti na kusema, "Mama, nimekosa. Nilikuwa nasafisha sauti ya mzee, nikamtoa mtoto."

Adoch alimgeukia. Fimbo yake ilikuwa imeegemea kiti, mguu mbovu ameunyoosha juu ya stuli.

"Ulimtoa, ukamweka wapi?"

Lilikuwa swali la polisi, na Byron alilijibu kama mtuhumiwa. "Hapa, Mama. Yuko peke yake."

"Peke yake? Bila baba yake?"

"Ndiyo, Mama. Lakini naweza kuwarudisha pamoja sasa hivi. Ni kazi ndogo."

"Ngoja." Aliinua kiganja. "Nataka nisikie yeye peke yake kwanza."

Miaka yote hiyo angalau kilio kilikuwa kimefunikwa na sauti ya mume. Sasa ilikuwa tumfungulie mama huyu kilio kitupu, mtoto wa miaka minne analia bila mtu, tangu mwanzo mpaka mwisho. Nilisema, "Mama, pengine turudishe baba kwanza, ndipo..."

"Nabwire. Mimi nilikuwa polisi. Wekeni."

Byron aliunganisha spika ndogo aliyokuja nayo, akaiweka mezani juu ya kile kitambaa. Kulianza kwa mvumo. Kikafuata kikombe kugonga kitu, na kuku, mbali. Adoch alifumba macho na kuikamata mikono ya kiti, kama mtu anayengojea sindano. Kisha ile sauti ikaja, ndogo, ya juu, inapanda na kushuka, inapanda na kushuka.

Ilinichukua muda kuamini masikio yangu. Haikuwa inalia. Ilikuwa na mwendo mmoja usiobadilika, na chini yake kulikuwa na nyayo, nyayo ndogo zisizo na viatu, zinapiga sakafu.

"Kushoto, kulia. Kushoto, kulia."

Zilikwenda mpaka mwisho wa chumba, zikageuka, zikarudi. Pale alipojikwaa alijicheka, akaanza upya. Kuna mahali alijikaripia kwa sauti nzito ya kujifanya, ya mtu mwenye tumbo mbele. Byron aliinama kuielekea spika, macho ameyafumba, na kioo chake chenye njano na buluu amekisahau kabisa.

"Anacheza," Adoch akasema. Alifumbua macho akanitazama kama mimi ndiye niliyembishia. "Okullo alisema. Alisema anacheza. Mimi sikuamini yeye." Machozi yalimtiririka bila kujifuta. "Okullo, nisamehe. Sikuamini wewe."

Mimi nililia pia, wazi, kwa kwikwi, na sikuona haya.

Nyayo ziliendelea, zikienda na kurudi, na Adoch alizifuata kwa kidole juu ya mkono wa kiti. Tulizisikiliza hivyo mpaka karibu na mwisho. Hapo zikasimama. Mtoto alikohoa, akasafisha koo kama mtu mzima anayetaka kusikilizwa.

"Kuruta Adoch!"

Adoch alishtuka.

"Kuruta Adoch! Mguu... sawa!"

Aliushusha mguu kutoka kwenye stuli. Fimbo ilianguka, hakuitafuta. Alishika meza, akajiinua, na uso wake ukajikunja kwa maumivu ya goti, lakini alijiinua mpaka juu. Visigino vikakutana. Mikono ikanyooka ubavuni, kidevu kikapanda, macho yakautazama ukuta mbele yake. Na kwenye spika tukasikia vitufe viwili vya redio vikiachiwa kwa mpigo, kisha kimya.

Byron alifumbua macho. "Imeisha, Mama," akasema kwa upole.

"Najua imeisha."

Hakukaa. Goti lilianza kumtetemeka, nikaliona kupitia gomesi, lile gauni lake refu, nikanyanyuka kumshika mkono. "Mama, kaa sasa. Utaumia."

Hakunitazama. Alikuwa bado ameukazia macho ule ukuta.

"Bado hajasema mguu pande," akasema.

Mimi na Byron tulitazamana. Hakuna aliyethubutu kulisema badala ya mtoto.